MAHAKAMA ZIKAE KARIBU NA WATU

(Maneno haya yalisemwa na mmoja wa waenezi wa Chama mbele ya wanachama na wapenzi wa Chama katika milima ya Usambara. Twayachapa kama yalivyosemwa.)

 

Tumepanda hapa leo na matope miguuni, na twaona wengi wenu mmefika na matope zaidi yetu. Kwa hiyo utangulizi utakuwa mfupi. Shauri tulilokuja kulizungumza ni mahakama: ziko wapi, ni nani awezaye kuzifikia, na kwa gharama gani.

Yupo atakayeuliza, hawa vijana walisomea ualimu, wamejiingiza lini katika kazi ya mahakimu? Ndugu, jambo la kwanza tulilofundishwa katika chuo cha ualimu ni kwamba kabla hujauliza mtoto amejifunza nini, uliza amefikaje shuleni. Mtoto anayetembea masaa matatu hufika amechoka, na siku ya mvua hafiki kabisa. Kisha mwalimu humwandika kuwa ni mtoro. Sasa mtazameni mtu mzima aliyeitwa shaurini. Naye hutembea, naye huchoka, naye siku ya mvua hafiki. Tofauti ni moja tu: mtoto akikosa shule hupoteza somo la siku moja, na huyu akikosa shauri aweza kupoteza shamba la baba yake.

Milima yetu mnaijua kuliko sisi. Lushoto iko juu, kwenye baridi. Barabara ya lami yatoka Mombo, yapita Soni, na kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini kila kona ya njia ile ina jabali upande mmoja na korongo upande wa pili. Huo ndio upande wenye bahati. Mtu wa Mtae anakaa ukingoni mwa dunia. Akisimama mlangoni pake anaitazama nyika ya Mkomazi kama ndege aitazamavyo. Mtu wa Mnazi na Lunguza yuko chini kabisa, tambarare ya Umba, na kuja Lushoto hana budi apande kwanza Mng'aro, apite Mlalo, ndipo azunguke na mlima. Mtu wa Mgwashi au wa Bumbuli ana halmashauri yake tangu mwaka 2013, lakini wilaya yake ni ile ile ya Lushoto, na Mahakama ya Wilaya iko Lushoto. Katika sensa ya mwaka 2012 watu wa wilaya hii, pamoja na Bumbuli, walikuwa zaidi ya 490,000. Hao wote wakikata rufani kutoka Mahakama ya Mwanzo, njia yao ni moja. Na wakitaka kwenda mbele zaidi, Mahakama Kuu, hushuka Soni, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, hata Tanga pwani.

Hapa pana jambo ambalo kila tukilifikiri twacheka, kisha twanyamaza. Mahakimu wa nchi hii wanasomea wapi? Wanasomea hapa hapa. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko Lushoto, kimewekwa kwa sheria ya mwaka 1998. Vijana watoka Kigoma, watoka Mtwara, watoka Mara, waja kusoma uhakimu katika baridi yetu. Kwa hiyo mama wa Kishambaa anayeshuka na kabichi zake sokoni aweza kupishana njiani na mahakimu kumi wa kesho, wamevaa tai na kubeba vitabu. Lakini siku yeye mwenyewe atakapomhitaji hakimu mmoja, huenda akalala njiani.

Tuulize basi mambo haya yalianzaje.

Zamani za Wakilindi mashauri makubwa yalikwenda Vuga, kwa Simba Mwene, na mashauri mengine yalikatwa na wakuu waliowekwa katika sehemu zao. Hatuwaambii kwamba ilikuwa peponi. Mwenye nguvu alikuwa na nguvu, na mnyonge alijua unyonge wake. Lakini baraza lilikuwa mahali panapofikika kwa miguu, na shauri lilisemwa kwa lugha ambayo bibi kizee aliijua.

Wakaja Wadachi. Kwanza walikaa Mazinde, chini, kwenye njia ya misafara, na mwaka 1895 wakamnyonga Mputa, mwana wa Semboja, ili watu wote waone sheria mpya ni ya nani. Halafu wakapanda mlimani, wakaijenga boma yao, wakapaita mahali pale Wilhelmstal. Kwa nini pale? Kwa sababu palikuwa na baridi iliyowafaa wao, maji mazuri, na hewa iliyowakumbusha kwao. Hakuna aliyepima kwa kamba umbali wa kutoka Umba au Mtae. Boma ikawa Lushoto, na kila kilichofuata kikajengwa kuizunguka boma. Kwa hiyo mtu anayepanda leo na samansi mfukoni bado anaifuata baridi ile waliyoipenda Wadachi.

Waingereza nao wakaurudisha utawala wa Vuga mwaka 1926, na kwa sheria ya mwaka 1929 wakayapa mabaraza ya wenyeji kazi ya kukata mashauri. Zumbe akawa hakimu. Mahakama ikawa karibu tena, hilo ni kweli. Lakini ilikuwa karibu namna gani? Wazee mliopo hapa mnakumbuka hadithi za matuta mlizoachiwa na wazazi wenu. Mpango ule ulianzia Mlalo mwaka 1946, kisha ukaenezwa Usambara. Mtu aliagizwa kuchimba matuta katika shamba la mteremko, kazi ya kuvunja mgongo. Asipochimba alipelekwa barazani. Na barazani nani alikaa kitini? Yule yule zumbe aliyetoa amri. Aliyekuamuru ndiye aliyekushitaki, na aliyekushitaki ndiye aliyekutoza faini. Ukikata rufani, iliweza kufika kwa Bwana Shauri, ambaye ndiye aliyemtuma zumbe. Watu walikataa matuta yale mpaka mpango ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na chama cha TANU kilipata wafuasi wengi huku milimani kwa ajili ya jambo hilo.

Twasema haya kwa sababu kuna watu, na wengine wamo katika Chama chetu, wanaosema: rudisheni mashauri kwa wakubwa wa vijiji, maana wao wako karibu. La. Ukaribu wa namna ile tulikwisha uonja. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, utawala wa machifu ulifutwa, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika 1964, ikaweka Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu katika ngazi moja kwa watu wote, mweusi na mweupe. Kazi ya kuhukumu ikatolewa mikononi mwa mtawala. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na asiyelijua hajui maana ya nusu ya Uhuru wetu. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo haagizi mtu kuchimba tuta. Aweza kukaa na wazee wa baraza, shauri linasemwa kwa Kiswahili, na mtu aweza kusimama mwenyewe bila wakili akaeleza habari yake.

Basi tulichopata kwa sheria ile ni mahakama iliyo huru. Tulichopoteza ni mahakama iliyo karibu. Na kazi iliyobaki, ambayo zaidi ya miaka 60 haijakwisha, ni kuvipata vyote viwili pamoja.

Tuwape mfano tulioushuhudia wenyewe. Hatutataja jina la mama huyu, wala kijiji, wala mahakama yenyewe.

Ni mama mmoja mjane wa vijiji vya tambarare. Mumewe alipokufa aliacha nyumba, ng'ombe wawili, na kipande cha shamba mlimani. Shemeji yake akaenda Mahakama ya Mwanzo kuomba awe msimamizi wa mirathi. Mama akapata habari, akaweka pingamizi, kama sheria inavyomruhusu. Siku ya kwanza alipanda mlima kwa bodaboda, akakuta hakimu amekwenda kusikiliza mashauri katika mahakama nyingine, maana hakimu mmoja alikuwa na mahakama mbili. Shauri likapigwa kalenda. Siku ya pili mzee mmoja wa baraza alikuwa mgonjwa. Likapigwa kalenda. Siku ya tatu shemeji hakufika. Likapigwa kalenda. Kila safari alilipa nauli ya kwenda na ya kurudi, akaacha mtoto kwa jirani, na safari moja alilala kwa mtu asiyemjua kwa sababu giza lilimkuta mlimani. Jogoo waliuzwa, kisha mbuzi. Siku ya nne mvua ya masika ilikata njia. Siku hiyo hakimu alikuwepo, wazee wa baraza walikuwepo, na shemeji, ambaye ana duka na rafiki mwenye gari, alikuwepo. Mama hakuwepo. Pingamizi likaondolewa, shemeji akawekwa msimamizi.

Mama alikuja kujua baada ya zaidi ya siku 40, ng'ombe walipokuja kuchukuliwa. Na sheria yasema rufani kwenda Mahakama ya Wilaya ikatwe katika siku 30.

Sheria haikumfungia mlango kabisa. Mahakama ya Wilaya yaweza kuongeza muda, ikiwa mtu ana sababu ya kutosha, na twaamini mto uliojaa ni sababu ya kutosha. Lakini ombi hilo nalo hupelekwa wapi? Lushoto. Yaani dawa ya safari aliyoshindwa ni safari ndefu zaidi.

Sasa tutasema jambo litakalotuuma sisi wenyewe. Mama huyu, kabla ya kwenda mahakamani, alikwenda katika ofisi ya tawi letu moja. Na mwenyekiti wa tawi hilo, badala ya kumwambia nenda mahakamani upesi, aliketi akalisikiliza shauri kama yeye ndiye hakimu. Akawaita watu, akachukua pesa ya karatasi na ya chai, akatoa hukumu kwamba mali igawanywe nusu kwa nusu. Hukumu ile haikuwa na nguvu hata ya kumfukuza kuku. Shemeji aliisikia, akatabasamu, akaenda mahakamani. Mama alipoteza miezi miwili akingojea hukumu ya Chama itekelezwe. Kosa hili ni letu, ndugu. Tuliupigia kelele uzumbe, kisha tukajifanya mazumbe. Kuanzia leo ofisi ya tawi isikilize mtu, imwandikie barua, imwonyeshe njia, imtafutie msaidizi wa kisheria, maana ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inayowatambua watu hao. Lakini isihukumu. Na pesa ya chai ikome.

Turudi kwenye ardhi, kwa kuwa katika milima hii shauri lisilo na ardhi ndani yake ni nadra. Mashamba yetu ni vipande vidogo, na mpaka wa mtu ni mti au mfereji au kumbukumbu ya mzee mmoja. Zamani baraza la kata, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1985, lilikuwa likiamua mashauri madogo ya ardhi. Watu walilalamika sana juu ya mabaraza hayo: kwamba wajumbe walijuana na mdai, kwamba maandishi yalikuwa mabovu, kwamba mtu alitozwa bila risiti. Malalamiko mengi yalikuwa ya kweli. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa. Sasa baraza la kata lapatanisha tu, nalo lina siku 30. Wasipopatana, shauri laenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Sisi hatuipingi nia ya badiliko hilo. Lakini tazameni hesabu yake kwa mtu wa huku. Mgogoro wa mpaka wa hatua nne, uliokuwa ukisikilizwa katani, mahali ambapo wajumbe waliweza kusimama kando ya mfereji wenyewe wakautazama, sasa hauna budi upelekwe wilayani. Na shahidi ni nani? Ni mzee wa miaka 80 aliyeuona mti ule ukipandwa. Mzee huyo hapandi bodaboda. Ukimbeba leo, shauri likipigwa kalenda, hutambeba mara ya pili. Kwa hiyo anayeshinda ni yule ambaye mashahidi wake wana miguu.

Kadhalika mashauri ya jinai. Kijana wa kijiji cha mbali akikamatwa kwa ugomvi wa pombe, anaambiwa alete wadhamini. Wadhamini wako mlima wa tatu. Mpaka wafike na barua ya mtendaji wa kijiji, kijana amekwisha lala mahabusu siku kadhaa kwa kosa ambalo pengine mwishowe ataachiliwa. Mtoto wa mjini kwa kosa lile lile jioni yuko kwao.

Watu wa Serikali tuliozungumza nao walitujibu kwa adabu, nasi twawashukuru. Walisema nchi ni kubwa na fedha ni kidogo, na kwamba kazi inafanyika. Ni kweli inafanyika. Mwaka 2019 yalizinduliwa magari ya mahakama inayotembea, yakapelekwa Dar es Salaam na Mwanza. Mwaka 2021 vilifunguliwa Vituo Jumuishi sita, mahakama za ngazi mbalimbali chini ya paa moja: viwili Dar es Salaam, na vingine Dodoma, Arusha, Mwanza na Morogoro. Aprili 2025 likazinduliwa jengo la Makao Makuu ya Mahakama huko Dodoma, jengo la fahari. Na tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, si za mwanzo peke yake. Tunavisifu vitu hivi. Ila tunaona kwamba karibu vyote vimekwenda mahali penye lami. Lile gari la mahakama, kwa jinsi tulivyoliona katika picha, likipanda Mtae siku ya mvua tutahitaji mahakama nyingine ya kuchunguza ajali.

Tena wanatuambia kompyuta imekuja, na mtu ataweza kufungua shauri bila kusafiri. Vyema. Lakini katika vijiji tulivyopita mwezi huu, mwenye simu ya kisasa mara nyingi ni yule yule mwenye duka.

Sisi hatuombi jengo la fahari. Tunaomba hakimu. Ofisi ya kata ipo, meza ipo, benchi lipo. Soko letu lina siku yake, na siku ya soko watu wote hushuka au hupanda, hata mzee wa miaka 80 hupata wa kumsindikiza. Hakimu aje siku hiyo, mara moja kwa mwezi, tarehe ijulikane mwaka mzima na ibandikwe mlangoni pa mtendaji wa kijiji. Shauri lenye mpaka ndani yake, baraza la ardhi nalo lije liuone mpaka. Na ikiwa hakimu hatafika, simu ipigwe jana yake kwa mtendaji, ili mtu asiuze mbuzi kwa safari ya bure. Simu moja, ndugu. Katika gharama zote za Serikali, sidhani kama iko iliyo ndogo kuliko hiyo, na ingekuwa imemwokoa mama yule safari ya kwanza na ya pili.

Wapo watakaosema hakimu akienda sokoni heshima ya mahakama itapungua. Sisi twadhani heshima ya mahakama hupungua pale mtu anaposema, "Nimeonewa, lakini kwenda mahakamani ni gharama kuliko nilichoibiwa." Maneno haya tumeyasikia kwa masikio yetu katika vijiji zaidi ya kimoja, na waliosema hawakuwa na hasira hata kidogo. Walisema kama mtu anavyosema habari za mvua.

Katiba ya nchi, ibara ya 107A, imeziagiza mahakama zitende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu ya kijamii au kiuchumi, na zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Mtu wa Umba hali yake ya uchumi ni pamoja na nauli ya kufika Lushoto. Tutaipeleka hoja hii kwa barua, kwa adabu, wala hatutamtukana hakimu yeyote, maana wengi wao wanafanya kazi ya watu wawili katika majengo yanayovuja, na mshahara wao mnaujua.

Lakini barua ya maneno matupu itawekwa chini ya barua nyingine. Yatakiwa hesabu. Kwa hiyo kila tawi limeletewa daftari moja. Liandikwe jina la kijiji. Mahakama ya mwanzo iliyo jirani. Masaa ya kutembea wakati wa kiangazi, na masaa ya kutembea wakati wa masika. Nauli ya kwenda na kurudi. Na idadi ya watu waliokwenda shaurini mwaka uliopita wakakuta hakimu hayupo. Msitie chumvi. Tawi litakaloandika masaa kumi mahali pa masaa manne litatuharibia kazi ya matawi yote. Walimu wa shule wawasaidie wazee kuandika, na majina ya wenye mashauri yasiandikwe.

Madaftari yarudishwe kwa katibu kabla mvua za vuli hazijaanza, kwa kuwa baada ya hapo hata sisi wenyewe hatutaweza kuyafuata. Sisi tunaondoka kesho alfajiri kwa miguu kwenda Mtae. Aliye tayari kufuatana nasi atukute hapa hapa, na achukue kalamu.